Mimea hai kwenye tangi la samaki hapa Lamu: anza na ndimu, mimea baadaye

Picha ninazotumiwa zinafanana. Tangi la kioo, mchanga mweupe unaong'aa, makombe mawili matatu ya kauri na kipande cha tumbawe katikati, kisha mimea iliyolegea kama mchicha uliochemshwa. Chini yake swali: "Nimekosea wapi?"

Mwenye tangi hudhani amekosea kwenye kupanda, au muuzaji amemuuzia mimea mibovu. Mara nyingi mimea ilikuwa mizima. Kilichoiua ni mchanga wa pwani na maji ya kisima, vitu viwili tunavyovipata bure na hatuvishuku. Ndiyo maana mwongozo huu unakawia sana kwenye mchanga na maji kabla ya kugusa jani. Ukiruka huko, hatua zote zilizobaki hazitakufaa kitu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuagiza mimea

Nimechukua tangi la sentimita 60 kwa 30, kimo 35, kwa kuwa ndilo ninaloliona kwenye nyumba nyingi. Kwa tangi hilo utahitaji:

- Mchanga wa mto uliooshwa, ndoo moja ya lita 10 au pungufu kidogo. Ukiutandaza kwa wastani wa sentimita 5 utakuwa na uzito wa kilo 14 au 15.
- Ndimu mbili, au siki nyeupe kidogo.
- Ndoo mbili zisizowahi kuonja sabuni. Ziandike "samaki" kwa rangi, la sivyo zitafuliwa nguo.
- Taa ya LED yenye mwanga mweupe, na saa ya kuiwasha na kuizima yenyewe ukiweza kuipata.
- Pampu ya hewa na chujio la sponji.
- Kipimajoto cha maji.
- Vifuu vya nazi viwili, uzi mweusi wa pamba, mkasi, na mpira mwembamba wa kufyonzea maji wa mita moja na nusu.
- Feni ndogo ya mezani. Hita ya maji usinunue. Lamu haina kazi.

Mimea iache dukani kwanza.

## Hatua ya 1: Chagua mahali

Tangi hili likijaa lina maji lita 50 hivi, nazo ni kilo 50. Ongeza mchanga na kioo, unakaribia kilo 80 zilizokaa mahali pamoja mchana na usiku. Kwenye ghorofa la nyumba ya mawe liweke kando ya ukuta, pale ncha za boriti zinapolalia, wala si katikati ya chumba. Na kwa wale wanaouliza kila mara kuhusu zidaka, vile vishubaka vya ukutani: hapana. Zidaka ni za vyombo.

Jua la moja kwa moja lisilifikie. Vyumba vyetu vya ndani vina giza, na watu hukimbilia kuweka tangi kiwandani, yaani uani, ili mimea "ipate jua". Baada ya wiki mbili maji huwa ya kijani kama supu ya mchicha, na kufika saa nane mchana yamechemka. Giza la ndani ni rafiki yako, kwa sababu mwanga utauamua wewe kwa taa.

Waya wa taa na wa pampu uache uning'inie chini ya soketi kidogo kabla ya kupanda tena kwenye plagi, ili tone la maji lidondokee sakafuni lisiingie kwenye umeme. Pampu ya hewa iweke juu kuliko usawa wa maji. Umeme ukikatika, maji hurudi kwenye mpira na kuijaza pampu iliyowekwa chini, na asubuhi unakuta sakafu imelowa na pampu imekufa.

## Hatua ya 2: Pima mchanga kwa ndimu

Chukua kijiko cha mchanga mkavu, weka kwenye kisahani, kamulia ndimu. Sogeza sikio. Ukisikia mchanga unachachatika na kuona mapovu madogo, una chembe za kombe na matumbawe. Hiyo ni chokaa. Ndani ya tangi itayeyuka polepole miezi na miezi, maji yazidi kuwa magumu, yaani kujaa chokaa, na pH, kipimo cha uchachu wa maji, ipande kuelekea 8. Hapo madini ya chuma ambayo mimea inayahitaji huganda na kutuama chini, na majani mapya hutoka ya manjano hata ukitia mbolea ya kila aina.

Mchanga wa pwani karibu wote utachachatika. Kauri, makombe na vipande vya matumbawe hali kadhalika, kwa hiyo uzuri wao ubaki baharini. Tangi langu la kwanza lilikuwa na kauri saba nilizozipenda sana, na kwa miezi minne nikawa nanunua mimea mipya kila nikipata nafasi. Sikuwahi kuzishuku kauri.

Usiende kuchota kwenye vilima vya Shela pia, hata kama mchanga wake ni mzuri machoni. Vilima hivyo ndivyo vinavyokusanya na kutunza maji matamu ya mji huu.

Unachotaka ni mchanga wa mto unaoletwa kwa ujenzi, wa chembe za milimita 1 hadi 3. Omba ngumi moja kwa fundi, uupime kwa ndimu, kisha ndipo ununue. Mlundo mmoja unaweza kuwa safi na wa jirani yake umechanganywa, basi pima kila mlundo.

Osha mchanga kidogo kidogo, ukikoroga kwa mkono na kumwaga maji machafu, mpaka maji ya juu yatoke meupe. Kwa ndoo moja ni kazi ya saa nzima. Anayeosha kwa dakika kumi atakaa na tangi la vumbi kwa wiki.

Umefaulu ikiwa: ndimu imekaa kimya juu ya mchanga, na maji ya kuoshea ya mwisho unaweza kuona kidole chako chini ya ndoo.

## Hatua ya 3: Tafuta maji

Onja kwanza. Ukisikia chumvi ulimini, hata kidogo, maji hayo si ya tangi hili. Kama ulimi hauna hakika, tia vijiko viwili vya maji kwenye sufuria safi na uyachemshe mpaka yakauke. Utando mwembamba ni wa kawaida, lakini ganda jeupe unaloweza kulikwangua kwa ukucha ni onyo. Rudia kipimo hiki kiangazi kikikaza, maana visima vingi huzidi chumvi wakati huo, na maji yaliyokufaa mwezi wa sita huenda yasikufae mwezi wa pili.

Maji ya mvua yana kasoro ya upande wa pili: ni matupu. Hayana madini, na pH yake huyumba kwa jambo dogo. Dawa ni kuchanganya. Mimi hutumia nusu kwa nusu, maji ya mvua na maji ya bomba au ya kisima kisicho na chumvi. Mvua ya kwanza ya msimu iache ipite, kwa kuwa inaosha vumbi na kinyesi cha ndege paani. Kinga ya pili au ya tatu. Maji yaliyokaa kwenye jabia, yaani birika la kuhifadhia maji, lililopakwa chokaa yahesabu kuwa maji magumu, yachanganye na mvua iliyokingwa kwenye pipa la plastiki.

Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yaache kwenye ndoo wazi saa 24, uyakoroge mara mbili tatu. Klorini huua samaki, tena huua vijidudu vyema vinavyosafisha tangi.

Jambo moja ambalo hata waliozoea hulisahau. Maji yanapopungua tangini ni maji tu yanayoruka hewani, chumvi na chokaa hubaki. Ukiongeza maji ya kisima kila yanapopungua, baada ya miezi mitatu una tangi la maji mazito kuliko kisima chenyewe. Kujazia kilichopungua tumia maji ya mvua matupu. Mchanganyiko weka kwa ajili ya kubadilisha maji.

## Hatua ya 4: Chagua mimea inayovumilia maji yetu

Watu huanza na mimea myekundu waliyoiona kwenye picha za Ulaya, iliyolelewa kwenye maji laini, yenye baridi, na hewa ya kaboni kutoka kwenye mtungi. Hapa anza na hii:

Valisneria. Majani marefu kama utepe, ya kuwekwa nyuma. Mimea mingi hungoja hewa ya kaboni iliyoyeyuka majini, na maji magumu huwa nayo kidogo. Valisneria inaweza kuchukua kaboni iliyofungwa kwenye bikaboneti, ambayo maji magumu yanayo tele. Kwa hiyo ugumu unaowashinda wengine, kwake ni chakula. Ukiniambia nichague mmoja tu, nachagua huu.

Anubiasi na kangaga la Java. Majani magumu, hukua taratibu, haitaki mwanga mwingi, wala samaki hawayapendi kuyatafuna.

Honwoti. Kama mkia wa paka wa kijani, haina mizizi, huelea au hufungwa kwenye jiwe. Hukua haraka na kunyonya uchafu wa samaki. Ndiyo askari wa miezi ya kwanza.

Kriptokorine. Ya katikati. Ina tabia ya kumtisha mgeni, nitaieleza mbele.

Nunua nyingi kwa mara moja. Vishina vitatu kwenye tangi la lita 50 ni kualika mwani, yaani ule ukoga wa kijani, ujichukulie chakula na mwanga vilivyobaki. Lenga kuufunika nusu ya mchanga tangu siku ya kwanza.

Kuna wanaotaka kujichumia bure kwenye madimbwi au Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni. Ziwa lile lina viboko, na maji ya bara yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho. Mimea ya dukani tu ndugu zangu, nayo kaeni nayo wiki nzima kwenye ndoo yenye mwanga, mkibadilisha maji kila siku mbili na kuondoa konokono na mayai yao yaliyo kama utelezi chini ya majani.

## Hatua ya 5: Panga bila maji

Mwaga mchanga mteremko: nyuma sentimita 7, mbele 3 au 4. Mteremko humfanya mtazamaji aone tangi lina kina kuliko lilivyo, na mizizi mirefu ya nyuma inapata nafasi.

Kitu kikubwa, iwe kifuu au mlundo wa vigae vya mtungi uliovunjika, usikiweke katikati. Gawanya urefu wa tangi mara tatu, ukiweke kwenye mstari wa theluthi moja. Kikikaa katikati, jicho linakwama hapo.

Vifuu vya nazi navipendelea kuliko mti wowote. Kwangua nyuzi zote na mabaki ya nyama ya nazi, chemsha nusu saa, loweka wiki mbili ukibadilisha maji. Vitatoa rangi ya chai kidogo, haidhuru. Kipande cha mkoko ulichokiokota ufukweni kimejaa chumvi, na ganda lake hutoa rangi mpaka uchoke.

Samadi je? Kuna aliyetandika samadi ya punda chini ya mchanga, kwa hesabu kwamba mchicha wa nyuma ya nyumba unaipenda. Baada ya siku tano nyumba nzima ilihama upande wa pili. Samadi hutoa amonia majini, na amonia ni sumu kwa samaki. Mbolea za shambani za chumvichumvi nazo zina hatari hiyo hiyo. Mimea niliyoitaja hula uchafu wa samaki. Valisneria na kriptokorine zinaweza kupewa vidonge vya mbolea ya akwaria vya kufukia mizizini, kimoja kila miezi miwili au mitatu.

## Hatua ya 6: Panda

Tia maji sentimita 10 tu. Weka sahani juu ya mchanga na umimine juu ya sahani, ili mchanga usichimbike.

Valisneria na kriptokorine: kata mizizi ibaki sentimita 2 au 3, kwa sababu mirefu hujikunja na kuoza. Toboa tundu kwa kidole, zamisha mmea kidogo kupita kiasi, kisha uvute juu taratibu mpaka pale majani yanapoanzia paonekane juu ya mchanga. Sehemu hiyo nyeupe ikizikwa, mmea huoza kutoka moyoni. Acha nafasi ya vidole vitatu kati ya mmea na mwenziwe.

Anubiasi na kangaga: hapa ndipo makosa mengi ya mkono yalipo. Mimea hii ina shina nene linalolala, lenye vifundo, mfano wa tangawizi. Tangawizi hiyo haizikwi. Ukiifukia mchangani inageuka uji mweusi ndani ya wiki mbili tatu na majani yanaachia moja moja, huku wewe ukilaumu maji. Ifunge kwa uzi juu ya kifuu, mizunguko mitatu, usiikabe. Mizizi itashika yenyewe, na uzi wa pamba utaoza wakati kazi yake imekwisha.

Honwoti: iache ielee.

Ukimaliza, jaza maji polepole juu ya sahani ile ile, washa pampu.

Umefaulu ikiwa: hakuna mmea ulioelea asubuhi yake isipokuwa honwoti, na kila tangawizi unaiona kwa macho.

## Hatua ya 7: Wiki sita za kwanza

Taa iwake saa 6 kwa siku, isizidi. Mimea iliyohamishwa haina nguvu ya kutumia mwanga mwingi, ila mwani unayo. Baada ya mwezi ongeza mpaka saa 7 au 8.

Samaki subiri wiki nne hadi sita. Vijidudu vinavyogeuza amonia kuwa naitriti, kisha naitriti kuwa naitreti ambayo mimea huila, huchukua wiki tatu hadi sita kuzaliana vya kutosha kwenye sponji na mchangani. Ukipata vijikaratasi vya kupimia, ngoja amonia na naitriti zisome sifuri. Anza na gapi, wale samaki wadogo wa rangi, wanne au watano; wanaafikiana na maji magumu. Samaki wa dhahabu watakung'olea kila kitu.

Sasa ile tabia ya kriptokorine. Siku ya tano au ya kumi majani yake yote yanaweza kuyeyuka, ukaamka umekuta uji wa majani tu. Usiing'oe! Mmea umeshtuka kwa maji mapya, mzizi uko hai. Ondoa yaliyooza, acha mzizi ulipo. Baada ya wiki tatu au nne utaona vijani vidogo vyenye ncha. Ukiihamisha wakati huo unauanza mshtuko upya.

Majani ya zamani ya mimea mingine nayo huenda yakafa, kwa kuwa mashamba mengi huikuza nje ya maji. Angalia jani jipya tu. Jani jipya likiwa zima, umevuka.

## Hatua ya 8: Matunzo

Kila wiki badilisha robo ya maji, kama lita 12. Fyonza kwa mpira juu juu ya mchanga, usichimbe mizizini. Maji hayo machafu yapeleke kwenye mrehani na asumini. Tangu nianze hivyo, asumini yangu haiombi mbolea nyingine. Sponji ioshe ndani ya maji ya tangi uliyoyatoa, kamwe si kwenye bomba, ili usiue vijidudu.

Chakula cha samaki kiwe cha kumalizwa ndani ya dakika mbili. Kinachozama kinalisha mwani.

Jani la valisneria lililochoka livute lote kutoka shinani. Ukilikata katikati, ncha huwa ya kahawia. Watoto wake hutambaa chini ya mchanga na kuchomoza kandokando. Wakiwa na majani manne au matano unaweza kuwakata na kuwahamisha. Honwoti ipunguze kila wiki, isifunike zaidi ya theluthi ya uso wa maji.

Majani mapya ya manjano yenye mishipa ya kijani yanalilia madini ya chuma. Majani ya zamani yenye vitundu kama vya sindano, potasiamu. Mwani ukizidi, utoe kwa mkono, rudisha taa saa 6, na jiulize kama chakula si kingi. Maji yakiwa ya kijani kabisa, funika tangi kwa kanga nzito siku tatu bila taa, pampu ikiwaka, kisha badilisha theluthi ya maji.

Mambo mawili ya nyumba zetu. Ukipuliza dawa ya mbu, zima pampu, funika tangi, na usiwashe mpaka hewa iwe safi, kwa maana pampu huvuta dawa ile na kuipeleka moja kwa moja majini. Chetezo cha udi nacho kisikae karibu na pampu. Na hewa ya chumvi hula vichwa vya taa: kila mwezi chomoa plagi, futa kwa kitambaa kikavu.

## Kaskazi na umeme wa kukatika

Joto la maji la 26 mpaka 28 ndilo zuri. Likipita 30, maji hushika oksijeni kidogo, na kriptokorine huweza kuyeyuka tena. Elekeza feni ndogo juu ya uso wa maji, kifuniko wazi. Unyevu wa hewa yetu hauruhusu miujiza, utapata digrii mbili hivi, nazo mara nyingi zinatosha. Taa ihamishie jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa tano usiku, isiongeze joto la mchana. Usitie barafu, maji yanashuka ghafla kisha yanapanda ghafla.

Umeme ukikatika, mimea haiumii kwa siku moja au mbili za giza. Wasiwasi ni usiku, maana gizani mimea nayo huvuta oksijeni kama samaki. Chota maji kwa kata na uyarudishe kutoka juu, mara ishirini, kila baada ya saa moja au mbili. Pampu ndogo ya betri ikipatikana, utalala.

Mimea ikizidi, mpe jirani anayeanza, ukimwambia kuhusu ndimu. Asipopatikana jirani, ianike juani ikauke kabisa kabla ya kuitupa. Usiimwage kwenye jabia, kisima au dimbwi lolote. Gugumaji nalo liliingia Afrika kama pambo.